Mama wa miaka 47, uchovu usioisha na mafua ya kila mara: kinga imeshuka au damu?

Kidani

Wakuu habari za humu. Naomba msaada kuhusu dada yangu mkubwa, ana miaka 47. Uchovu una miezi kama minane sasa. Analala kwa muda wa saa nane anaamka kachoka, ngazi za ghorofa moja zinamkata pumzi, kichwa kizito. Tangu Januari kaugua mafua mara tano. Midomo inapasuka pembeni na ulimi umekuwa laini, akila pilipili unawaka. Hedhi inakwenda siku 8 hadi 9, na siku tatu za mwanzo anabadilisha pedi kila baada ya saa mbili.

Majibu aliyonayo: Hb (wingi wa damu) 10.9, MCV 72, RDW 18.2, chembe nyekundu 4.65, chembe sahani 468. Sukari ya kufunga 5.2. Malaria hakuna. Widal (kipimo cha taifodi) 1:160. Ameshapewa dozi mbili za taifodi (antibayotiki ya sipro) na fefo, vidonge vya chuma, za siku 14, akaambiwa "damu si mbaya sana". Sasa mtu kamuuzia kopo la unga wa "kuongeza kinga", laki moja na ishirini.

Ninachouliza: kweli ni kinga? Vipimo gani vinafuata, kwa mpangilio, maana hela si ya kuchezea? Na fefo zinamchafua tumbo, azitumie vipi?

Tabibu_wa_Kata

Kidani, asante kwa kuweka namba. Wengi huleta "anachoka sana" halafu tunabaki kupiga ramli.

Tuanze na hiyo "damu si mbaya sana". Kwa mwanamke asiye mjamzito, Hb chini ya 12 ni upungufu wa damu. 10.9 haiui mtu, ndiyo maana inapuuzwa, lakini inatosha kabisa kumkata pumzi kwenye ngazi. Midomo kupasuka pembeni na ulimi kuwa laini ni alama za kukosa madini ya chuma. Muulize swali moja ambalo wengi huona aibu kulijibu: anatafuna mchele mbichi, barafu au udongo? Akikubali, si tabia mbaya hiyo. Ni dalili, na mara nyingi hamu hiyo hupotea ndani ya wiki chache za dawa kabla hata Hb haijapanda vizuri.

Hesabu yake iko hivi. Mililita 100 za damu ya mtu mwenye Hb nzuri zina chuma miligramu 45 hivi. Chakula cha siku nzima, hata kiwe kizuri, humpa mtu miligramu 1 hadi 2 zinazoingia mwilini kweli, na karibu miligramu 1 kati ya hizo hulipia upotevu wa kawaida wa kila siku wa ngozi na utumbo. Sasa mwanamke anayetoka mililita 150 kila mwezi anapoteza zaidi ya miligramu 60 kwa hedhi peke yake. Akiba inakaushwa kwanza, kimya kimya, Hb ikiwa bado 12 au 13. Uchovu unaweza kuanza hapo. Hb ikishuka ujue ghala lilishakuwa tupu zamani.

Kwa nini umri huu? Kuelekea ukomo wa hedhi mayai hayapevuki kila mwezi, homoni moja inakosa mwenzake wa kuituliza, ukuta wa mji wa mimba unajengeka mnene halafu unaporomoka kwa fujo. Ongeza faibroidi, uvimbe wa mji wa mimba, ambazo wanawake wetu wanazo sana, na kitanzi cha shaba kama anacho. Mwulize kama anacho. Watu huweka kitanzi wakasahau kukitaja.

Kuhusu kinga: mafua mara mbili au tatu kwa mwaka kwa mtu mzima ni kawaida, na anayekaa na watoto wa shule huzidisha. Mara tano tangu Januari si ushahidi wa kinga kufa. Chuma kikipungua, chembe nyeupe nazo hufanya kazi kwa unyonge, kwa hiyo mambo haya mawili yanaweza kuwa na mzizi mmoja. Kinachonifanya nishtuke ni vitu vingine: nimonia mara mbili ndani ya mwaka, utando mweupe mdomoni usioisha, mkanda wa jeshi, majipu makubwa yanayorudi, kukonda bila sababu. Hata bila hayo, kipimo cha VVU apime. Ni bure vituo vya serikali, na wamama wa umri huu ndio wanaorukwa kwa sababu kila mtu anadhani "huyu ana ndoa yake".

Mpangilio ningeuweka hivi. Kwanza kipimo cha mimba, usicheke, miaka 47 bado inawezekana. VVU. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma. TSH, kipimo cha tezi ya shingo. Mkojo wa kawaida na kreatini ya figo. Choo kwa minyoo ya safura. Kisha ultrasaundi ya kizazi. Fedha ikibana, feritini, VVU na ultrasaundi ndivyo vitatu ambavyo nisingekubali kuvikosa. Sukari kapima, iacheni.

MtuWaMaabara

Naongezea upande wa karatasi, maana majibu yake yanaongea sana kuliko alivyoambiwa.

MCV 72 maana yake chembe nyekundu ni ndogo. RDW 18.2 maana yake hazilingani, nyingine ndogo sana, nyingine za kawaida, kama mchele uliochanganywa na chenga. Chembe sahani 468 kupanda kidogo huonekana sana kwenye upungufu wa chuma. Picha nzima inaelekea upande mmoja.

Kuna mtego, hasa kwa watu wa pwani. Talasemia ya alfa ni ya kurithi na iko kwa wingi ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki. Aliyerithi kidogo ana MCV ya chini maisha yake yote na hana ugonjwa wowote, ila kila akipima anapewa fefo. Njia ya haraka ya kunusa: gawanya MCV kwa idadi ya chembe nyekundu. 72 gawanya kwa 4.65 ni 15.5. Ikizidi 13 inaelekea kwenye chuma, ikiwa chini ya 13 fikiria talasemia. Ni kidokezo, si hukumu. Hukumu ni feritini.

Feritini chini ya 15 kwa mtu asiye na maambukizi imekwisha habari, hana akiba. Lakini feritini hupanda mwili ukiwa na homa au uvimbe wowote, kwa hiyo akipima katikati ya mafua anaweza kupata 45, akaambiwa yuko salama. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu mzima mwenye maambukizi, hadi 70 bado inaweza kuwa upungufu. Apime wiki mbili baada ya mafua kuisha, au aombe CRP (kipimo cha uvimbe mwilini) siku hiyo hiyo ili jibu lisomwe pamoja nayo.

Halafu Widal. 1:160 ya mara moja, kwetu huku, haina maana kubwa. Mtu aliyewahi kukutana na vimelea hivi au ndugu zao anabaki na alama hizo kwenye damu kwa muda mrefu. Taifodi ni homa inayopanda siku kwa siku, na uthibitisho wake ni kuotesha damu. Uchovu wa miezi minane bila homa hauhitaji sipro. Ni sawa na ile "UTI sugu" inayoandikwa kwa chembe mbili tatu za usaha kwenye mkojo bila kuotesha.

Na kama siku za mbele atapimwa sukari kwa HbA1c, awataarifu kwamba ana upungufu wa chuma. Kipimo hicho huweza kupanda kwa uongo hali hiyo ikiwepo.

Dawa_na_Dozi

Nimesubiri swali la fefo.

Kidonge kimoja kina chuma halisi miligramu 60 hadi 65. Mwili ukishapokea dozi kama hiyo unapandisha hepsidini, homoni inayofunga mlango wa utumbo kwa takribani saa 24. Kidonge cha pili siku hiyo hiyo kinakuta mlango umefungwa. Chuma kinabaki tumboni kinachokoza: kichefuchefu, tumbo kukaza, choo kigumu. Watafiti wa Zurich walilipima hili kwa wanawake wenye akiba ndogo ya chuma wakaona dozi ya siku moja ndiyo, siku moja hapana, hunyonywa vizuri zaidi kwa kila kidonge. Zile "1x3" za zamani zinaongeza mateso zaidi ya damu.

Kwa hiyo:

Kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Tumbo likigoma, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Asubuhi kabla ya kula, kwa maji, au kwa maji ya ndimu au chungwa. Chai ya rangi na kahawa visogee saa moja hadi mbili mbele. Maziwa, dawa za kiungulia na vidonge vya kalisi visogee saa mbili. Kama hawezi kabisa tumbo tupu, ameze na chakula kidogo kisicho na maziwa wala chai. Atapoteza kiasi, lakini kidonge kilichomezwa kinashinda kilichobaki droo.

Kama bado yuko kwenye sipro, asichanganye. Chuma kinaikamata sipro tumboni, zote zinatoka bila kufanya kazi. Sipro imezwe saa mbili kabla ya fefo au saa sita baada yake. Atakayekutwa na tatizo la tezi ya shingo akaandikiwa levothairoksini, hiyo ni saa nne mbali na chuma.

Choo kitakuwa cheusi, ni kawaida. Kisicho kawaida ni choo cheusi kinachonata kama lami na kunuka vibaya. Hapo kuna damu inavuja tumboni.

Muda ndio watu wanapokosea. Siku 14 si tiba. Wiki ya pili Hb inatakiwa iwe imepanda angalau 1, na kufikia wiki ya nne karibu 2. Ikifika 12 na zaidi, anaendelea miezi mitatu mingine kujaza ghala. Akiacha Hb ilipofika 12, miezi miwili ijayo mtarudi na uzi huu huu. Na ikiwa wiki nne kameza sawasawa na Hb haijapanda, msiongeze dozi. Tafuteni sababu: damu bado inatoka kuliko inavyoingia, kuna bakteria wa vidonda vya tumbo, kuna minyoo, anameza omeprazole (dawa ya kiungulia) kila siku, au haikuwa chuma tangu mwanzo. Asiyeweza vidonge kabisa kuna chuma cha mshipani kwenye hospitali kubwa, chini ya uangalizi. Kuongezewa damu kwa Hb 10.9 hapana.

Vidonge vikae juu, mbali na watoto. Fefo zina rangi ya pipi na vidonge vichache vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Kuhusu lile kopo: soma lebo. Kama lina zinki, vitamini C na "mchanganyiko maalumu wa mimea" bila miligramu, mmenunua uji wa bei mbaya. Kuna kitu kingine kinachoshusha kinga kweli na hakitajwi: mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha ngozi zina klobetasoli, steroidi kali. Mtu akijipaka mwili mzima miaka kadhaa, inaingia kwenye damu, sukari inapanda, ngozi inakuwa karatasi, maambukizi hayaishi. Vidonge vya kunenepesha vyenye deksamethazoni ni hivyo hivyo. Anayevitumia muda mrefu asiache ghafla, tezi zake za juu ya figo zimelala na anaweza kuzimia. Aende apunguziwe taratibu.

Mti_Shamba

Mnamjaza dada wa watu kemikali. Rosela, bitiruti na juisi ya matembele wiki mbili damu inajaa. Bibi zetu hawakujua fefo.

JikoLaLishe

Mti_Shamba, shikamoo. Sipingi shamba, napinga hesabu. Bitiruti gramu 100 ina chuma miligramu 0.8 hivi, na kinachoingia mwilini ni sehemu ndogo ya hiyo. Rangi nyekundu haigeuki kuwa damu. Rosela ina uchachu mzuri lakini ina vitu vya jamii ya vile vya chai ambavyo hushika chuma. Anywe akipenda, si kama dawa. Kwa mtu aliyeishiwa akiba na bado anatokwa damu kila mwezi, chakula peke yake hakimfikishi.

Kidani, ambacho chakula kinaweza: maini ya ng'ombe gramu 100 mara moja kwa wiki, dagaa wakaliwa wazima, nyama nyekundu hata vipande vitatu vidogo. Chuma cha nyama huingia kirahisi na huvuta hata kile cha mboga kilicho sahani moja nacho. Kwa hiyo mchicha na dagaa ni bora kuliko mchicha peke yake, na maharage yenye kachumbari iliyokamuliwa ndimu mezani (si jikoni, moto unaua vitamini C) ni bora kuliko maharage na chai. Ugali wa dona na uji wa ulezi vina fitati zinazokamata chuma. Dawa yake mnaijua: kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, uchipue siku mbili, anika, saga. Au uchachushe uji. Fitati zinapungua sana.

Chai iliyopikwa ikakolea na kunywewa pamoja na chakula ndiyo adui nambari moja wa mama wa makamo, maana ndiyo faraja yake. Msimnyang'anye. Msogezee tu saa.

Kidani

Asanteni sana wakuu. Mchele mbichi anatafuna, kakiri kwa kicheko. Kitanzi hana, mkorogo hatumii. Hana presha wala sukari. Sasa tunajuaje hedhi ni nyingi kweli? Yeye anasema "ndivyo nilivyo". Na usiku anatoka jasho mpaka shuka linalowa. Halafu kuna mtu kamwambia ni ule ugonjwa wa uchovu sugu, hauna tiba.

Tabibu_wa_Kata

Jasho kwanza. Jasho la komahedhi hupanda kama wimbi: joto kifuani, shingoni, usoni, dakika chache, kisha baridi, na mchana pia huja. Halikondeshi mtu. Jasho la kifua kikuu huja na kikohozi cha wiki mbili na zaidi, homa za jioni, kupungua uzito. Akiwa na hata moja kati ya hayo apeleke makohozi, kipimo ni bure. Katika umri wake hedhi ikianza kuyumba na wimbi la joto lipo, hahitaji kulipia kipimo cha homoni cha FSH, kinapanda na kushuka wiki hadi wiki. Jasho likimwamsha mara nne kwa usiku, hiyo nayo ni sababu ya uchovu inayojitegemea na ina tiba yake ya homoni. Ila mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake bila projesteroni ya kulinda ukuta wa kizazi.

Kupima hedhi, weka daftari chooni mwezi mmoja. Pedi iliyoguswa kidogo alama 1, iliyolowa nusu alama 5, iliyolowa yote alama 20. Bonge dogo 1, bonge kubwa (upana sentimita 2.5 na zaidi) 5. Jumla ikivuka 100, anapoteza zaidi ya mililita 80, na hiyo ni nyingi hata kama "ndivyo alivyo".

Kuhusu uchovu sugu kama ugonjwa: upo, lakini una masharti. Miezi sita na zaidi, usingizi usioburudisha, akili kuwa na ukungu au kuzidiwa akisimama, na lile la msingi: akijitahidi kidogo leo, kesho au keshokutwa anaanguka kabisa, siku kadhaa. Baadhi ya watu ulianza baada ya korona. Hautajwi kabla ya kumaliza yanayotibika, na mtu mwenye Hb 10.9 hajamaliza. Aliye nao kweli asilazimishwe mazoezi ya kuongeza kila wiki. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2021 uliyaondoa. Mgonjwa hugawa kazi vipande na kupumzika kabla ya kuchoka.

Msisahau pia kukoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini, na huzuni ya muda mrefu.

Kidani

Daftari tumelijaza kwa kukumbuka mwezi uliopita: pedi zilizolowa kabisa 14, nusu 9, kidogo 10, mabonge makubwa 4.

Tabibu_wa_Kata

280, 45, 10 na 20. Jumla 355.

Basi ultrasaundi iende juu ya orodha, na aonane na daktari wa wanawake. Mwanamke wa zaidi ya miaka 45 mwenye hedhi nzito iliyobadilika anatakiwa kufikiriwa kuchukuliwa kinyama cha ukuta wa kizazi kipimwe. Si kumtisha, ni utaratibu. Na siku hedhi ikishakatika miezi 12 kamili, tone lolote la damu baada ya hapo ni safari ya hospitali wiki hiyo hiyo.

Wakati anasubiri, aulize kuhusu asidi ya traneksamiki: vidonge viwili vya 500 mara tatu kwa siku, kuanzia damu inapokuwa nzito, siku nne basi. Asipewe kama amewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu. Kitanzi cha homoni ni njia nyingine nzuri kama faibroidi hazijapindisha kizazi, hupunguza damu sana ndani ya miezi mitatu hadi sita, ingawa miezi ya mwanzo atatokwa matone ya kuudhi. Ashauriwe mapema asije akakitoa wiki ya sita.

Kidani

Nimeelewa. Moja la mwisho: nimekuta kwenye mkoba wake omeprazole, anameza kila asubuhi pamoja na fefo.

Dawa_na_Dozi

Ndiyo hiyo. Chuma cha kidonge kinahitaji tindikali ya tumbo ili kinyonywe, na omeprazole inazima tindikali siku nzima, kwa hiyo kusogeza saa hakusaidii kama inavyosaidia kwenye chai. Asiiache kienyeji pia, kuna watu wanaimeza kwa sababu ya vidonda au kwa sababu wanatumia diklofenaki kila siku kwa mgongo. Alianza lini, nani aliandika, na anameza dawa gani ya maumivu? Piga picha pakiti zote zilizomo kwenye huo mkoba uzitaje hapa.